Rivolva ya Urithi Iliyochongwa: Ubaki Nayo au Uiuze?

Sanduku la marehemu likifunguliwa Mufindi, Tukuyu au Chunya na ndani yake mkakutwa rivolva ya zamani (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka), swali linaloruka mdomoni kwanza ni: itauzwa shilingi ngapi? Swali hilo ni la nne. La kwanza, je, ni tupu? La pili, ipo kihalali? La tatu, ni rivolva gani hasa, na mikono ya watu imeigusa wapi tangu itoke kiwandani? Ukiruka hata moja kati ya hayo matatu, bei utakayotajiwa haitakuwa na maana, na huenda ukajikuta mahabusu kabla hujaipokea.

Mwongozo huu unahusu zaidi rivolva zilizobadilishwa: silinda imechongwa, mtutu umekatwa, rangi imepakwa upya, au vibao vya mpini vimewekwa vingine. Huku Nyanda za Juu Kusini silaha hizi zilifika kwa njia nyingi. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakaingia Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, na mwezi Agosti mwaka huohuo yakafika Iringa. Baadaye wakaja wachimba dhahabu wa Lupa, walowezi wa chai na polisi wa mkoloni. Kwa hiyo usishangae kuikuta. Ila pia usiamini kila hadithi inayosimuliwa juu yake, maana chuma chenyewe hutoa ushahidi, na mara nyingine ushahidi huo unaikana hadithi.

Hatua ya 1: Hakikisha ni tupu

Ichukulie kuwa ina risasi, hata kama mjomba anaapa kwamba imekaa tupu tangu enzi za Mwingereza. Watoto watoke chumbani. Andaa ndoo iliyojaa mchanga mkavu hadi theluthi mbili, na mdomo wa mtutu uelekee mchangani muda wote. Kidole kisiguse kifyatulio.

Webley na Enfield za Kiingereza hukunjuka katikati. Upande wa kushoto, karibu na nyundo, kuna kikono kidogo. Kibonyeze kwa dole gumba huku mkono mwingine ukiinamisha mtutu taratibu. Silinda itajitokeza na nyota ya katikati itainua risasi zote kwa pamoja. Ukiikunjua kwa kishindo zitarukia sakafuni, na risasi ya miaka themanini si kitu cha kudondosha kwenye saruji. Zikishatoka, tazama matundu yote sita dhidi ya mwanga. Katika Smith & Wesson, silinda hutoka kwa upande wa kushoto baada ya kusukuma mbele kitufe kilicho nyuma yake.

Kama ni rivolva ya Kijerumani ya M1879 au M1883, haikunjuki. Risasi huingizwa na kutolewa moja moja kupitia kimlango cha upande wa kulia, na ili silinda izunguke lazima nyundo ivutwe nusu. Hiyo mwachie mtu wa ghala la silaha la polisi. Nyundo iliyolika ikiteleza kwenye dole gumba ikiwa na risasi ndani, hakuna tena cha kujadili. Vivyo hivyo kwa rivolva yoyote iliyoganda kwa kutu: usiilazimishe, usiipige kwa nyundo ya seremala, usiimwagie maji ya moto.

Risasi zilizopatikana zifunge kwenye kitambaa kikavu, ziweke mbali na rivolva, nazo zitakwenda polisi. Usizipake mafuta wala usizisugue zing'ae. Zile zenye unga wa kijani kibichi kwenye ganda zishike kidogo kadiri iwezekanavyo.

Hatua ya 2: Leseni kabla ya bei

Silaha za kiraia nchini zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Jambo moja ndilo familia nyingi hulikosea: leseni ni ya mtu na silaha yake, haiachwi kama urithi. Mwenye leseni akifariki, rivolva iliyobaki chini ya kitanda haina mmiliki kisheria, hata kama wosia umemtaja mtoto wa kwanza kwa jina. Haigawiwi kwenye kikao cha ukoo kama ng'ombe. Hali ni hiyohiyo kwa gobore la babu lililoegemezwa nyuma ya mlango.

Nenda kituo cha polisi cha wilaya mikono mitupu, yaani bila silaha, uombe kuonana na Mkuu wa Polisi wa Wilaya au ofisa anayeshughulikia silaha. Beba cheti cha kifo, barua ya uteuzi wa msimamizi wa mirathi, kitambulisho chako cha taifa, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na leseni ya marehemu kama ipo. Eleza kilichopatikana, kisha uulize kifikishwe vipi. Usiipakie kwenye basi la Mbeya kwenda Iringa ikiwa ndani ya begi la nguo; ukikaguliwa njiani, nia yako njema haitakuwa imeandikwa popote.

Silaha ikipokelewa, dai hati ya mapokezi yenye namba ya silaha, aina yake, idadi ya risasi, tarehe na jina la aliyepokea. Soma namba kwenye hati na kwenye chuma, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyoandikwa kimakosa siku hiyo itakusumbua kila siku nyingine.

Kama leseni haikuwahi kuwepo, hali ni nzito zaidi lakini ina njia. Serikali imekuwa ikitangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari bila kushtakiwa, na hata nje ya vipindi hivyo anayekwenda mwenyewe ana hali bora kuliko anayefuatwa nyumbani. Kilicho wazi ni kwamba silaha isiyo na karatasi hairuhusiwi kuuzwa, kununuliwa wala kutolewa zawadi. Uchunguzi wa hatua ya tatu na ya nne kwa silaha ya namna hiyo ufanyikie kituoni, kwa ruhusa, mbele ya ofisa.

Hatua ya 3: Itambue

Chukua tochi, kioo cha kukuzia, kalipa ya venia (kifaa cha kupimia milimita), na fila geji, ile mafundi pikipiki wanayopimia valvu. Azima geji, usimpelekee fundi rivolva. Andaa daftari na simu ya kupigia picha.

Webley Mk VI ndiyo kubwa kuliko zote za Kiingereza utakazokutana nazo: kilo moja na kidogo, mtutu wa milimita 152, mpini wa pembe nne uliokatika wima chini, risasi ya .455 (namba hii ni kipenyo kwa inchi). Jeshi la Uingereza liliikubali Mei 1915. Juu ya fremu imeandikwa MARK VI. Ubavuni kushoto kuna jina la Webley na mwaka. Namba ya silaha iko upande wa kulia wa fremu, mbele chini ya silinda, na inarudiwa kwenye silinda yenyewe. Namba mbili hizo zikilingana, andika hivyo kwa herufi kubwa kwenye daftari.

Hapo kwenye mwaka ndipo hadithi hupimwa. Fremu yenye 1917 haiwezi kuwa iliokotwa kwenye mapigano ya 1916. Haimaanishi kwamba babu alidanganya. Mara nyingi matukio mawili yameunganishwa na wasimuliaji. Lakini mnunuzi anayejua ataona mwaka huo kabla ya kusikiliza neno lolote.

Enfield No. 2 ni ndogo zaidi, mtutu wa milimita 127, risasi ya .38. Ilianza kutumika 1932. Webley Mk IV ya .38 inafanana nayo sana na ilitumiwa sana na polisi wa makoloni. Isome jina, usikisie kwa umbo. Smith & Wesson ya wakati wa vita kuu ya pili, kuanzia 1942, mara nyingi ina namba inayoanza na herufi V. M1879 ya Kijerumani ina mtutu mrefu wa takriban sentimita 18, na M1883 ni fupi, kama sentimita 12. Zote zina kikono cha usalama upande wa kushoto.

Tafuta pia kishale kipana, alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Vishale viwili vilivyogusana ncha kwa ncha maana yake jeshi liliiuza kihalali. Herufi BP, BV au NP chini ya taji ni mihuri ya majaribio ya Birmingham, inayogongwa silaha ikiingia soko la kiraia. Mihuri hii ni thamani. Usiisugue.

Hatua ya 4: Tafuta kilichobadilishwa

Hapa ndipo uamuzi wako utakapotoka, kwa hiyo tenga nusu siku.

Anza na silinda. Badiliko linalojulikana kuliko yote kwa Webley za .455 ni kuchongwa uso wa nyuma wa silinda. Sababu yake ni ya kibiashara: baada ya vita kuu ya pili Webley nyingi ziliuzwa kama ziada huko Marekani, risasi za .455 zilikuwa adimu na za .45 ACP, yaani za bastola za Kimarekani, zilikuwa tele. Wafanyabiashara wakazipeleka silinda kwenye mashine, wakaondoa zaidi ya milimita moja nyuma, ili risasi ya .45 ACP ikae ikiwa imeshikwa na kipete chembamba cha chuma chenye umbo la nusu mwezi.

Utajuaje? Kwanza, angalia namba ya silaha kwenye silinda. Ikiwa sehemu ya juu ya tarakimu imeliwa na ukingo wa nyuma, imechongwa. Pili, nyota ya kutolea risasi: kwenye silinda nzima, kingo zake ziko sawa na uso unaoizunguka, kwenye iliyochongwa, meno ya katikati yanasimama juu ya uso kama kisiki, na mara nyingi utaona mistari ya duara ya mashine. Tatu, funga rivolva ikiwa tupu na upime kwa fila geji nafasi kati ya uso wa nyuma wa silinda na ukuta wa fremu. Ambayo haijaguswa huonyesha kama milimita moja na kidogo. Iliyochongwa lazima ipokee ukingo wa unene wa milimita 2.3, basi nafasi itakuwa hapo au zaidi. Unganisha bapa za geji mbili tatu mpaka zitoshee bila kulazimisha, na upime kwenye chemba zote sita, yaani matundu ya risasi. Aliyechonga kwa mkono huacha tofauti kati ya chemba na chemba.

Kwa nini jambo hili ni zito kuliko uzuri wa macho? Risasi ya .455 hufanya kazi kwa presha ndogo, takriban bar 900 ikiwa juu kabisa. Ya .45 ACP ya kiwandani inaweza kufika bar 1,300 hivi. Rivolva haikujengwa wala kujaribiwa kwa mzigo huo. Inaweza kuvumilia mara kumi, mara hamsini, kisha kuta za chemba zipasuke au kikufuli cha juu kinyooke. Kwa hiyo neno letu ni moja: rivolva iliyochongwa haipigwi. Si kwenye shamba, si siku ya mwaka mpya, si kuionyesha kwa mnunuzi.

Silinda iliyochongwa ina jambo lingine inalosema. Kazi hiyo ilifanywa kwa wingi nje ya nchi baada ya 1945. Ikionekana Iringa, uwezekano mkubwa ni kwamba rivolva iliwahi kupita mikono mingine kabla ya kufika kwenu, au kuna mlowezi aliyeipeleka kwa fundi mitambo kwa sababu alikuwa na risasi za .45. Vyovyote iwavyo, ile habari ya kwamba ililala darini bila kuguswa tangu vita vya Wajerumani haisimami tena.

Kwa Smith & Wesson inayotumia risasi ya .38 ya Kiingereza, badiliko ni la ndani. Chemba zimetobolewa ziwe ndefu ili zipokee .38 Special. Ganda la asili lina urefu wa karibu milimita 20, la Special milimita 29. Ingiza kijiti chembamba kwa nyuma: kwenye silinda ya asili kitagusa bega ndani ya chemba kama sentimita 2 toka mwanzo, kwenye iliyotobolewa kitaendelea mpaka karibu sentimita 3. Shida yake ni kwamba chemba ya asili ni pana kidogo, milimita 9.8 badala ya 9.6, hivyo ganda la Special huvimba au kupasuka ubavu. Ukikuta maganda matupu sandukuni yaliyovimba sehemu ya nyuma kama nyoka aliyemeza panya, una jibu lako.

Sasa Enfield, na hapa wengi hukosea kwa upande wa pili. Nyundo isiyo na mkia wa kuvutia kwa dole gumba huonekana kama imekatwa na mtu. Sivyo. Kuanzia 1938 jeshi lenyewe lilitengeneza Mk I* bila mkia, na za zamani nyingi zikabadilishwa kiwandani ziwe hivyo. Angalia maandishi: kinyota baada ya Mk I kinathibitisha. Badiliko la jeshi ni sehemu ya historia yake na halishushi thamani. Vinyota viwili ni habari tofauti: Mk I** ya wakati wa vita ilipunguziwa kizuizi cha usalama cha nyundo na inaweza kufyatuka ikidondoka.

Mtutu upimwe kutoka mdomoni hadi mbele ya silinda. Webley Mk VI yenye chini ya milimita 152 huenda imekatwa. Tazama kilengeo cha mbele: kama kimechomelewa kwa shaba au kimesogezwa, ndiyo hivyo. Mdomo wa kiwandani una ukingo uliolainishwa sawasawa. Wa msumeno huwa na upande mmoja mnene.

Rangi: ya asili ni bluu-nyeusi iliyofifia, yenye kingo zilizopauka pale inapogusana na mkoba wa ngozi. Rangi nyeusi inayong'aa iliyoingia hadi ndani ya herufi, na herufi zenyewe zikiwa na kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika, imesuguliwa ikapakwa upya. Nikeli nyeupe kwenye Webley ya jeshi haikutoka jeshini. Nikeli pia huficha kutu na mipasuko, kwa hiyo kagua kwa tochi sehemu iliyobanduka.

Vibao vya mpini vya asili vya Webley ni vyeusi, vya mpira mgumu. Vya mninga au mpingo vimewekwa baadaye. Hivi havina madhara, mradi havikuhitaji fremu kukatwa. Tafuta vya zamani ndani ya nyumba: droo za cherehani, kopo la misumari. Vibao vilivyovunjika vikipatikana pamoja na rivolva vina thamani kuliko vipya vilivyochongwa vizuri.

Mwisho, ukazaji. Ikiwa tupu na ikitazama mchanga, vuta nyundo polepole na uone kama kila chemba inajifunga kabla nyundo haijafika mwisho. Pima nafasi kati ya mdomo wa silinda na mtutu: hadi milimita 0.3 inavumilika, zaidi ya hapo imechakaa. Usiachie nyundo ipige patupu mara kwa mara. Pini za chuma cha zamani huvunjika.

Hatua ya 5: Pima kwa mizani ya kweli

Gawanya ulichokiona katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vinavyorudishika: vibao, pete ya kamba, skrubu, kilengeo kilichobadilishwa. Fungu la pili ni vilivyobadilishwa na jeshi au kiwanda. La tatu ni visivyorudishika vilivyofanywa na mtu binafsi: silinda iliyochongwa, chemba iliyotobolewa, mtutu uliokatwa, namba iliyofutwa. Namba iliyofutwa iweke pembeni kabisa; hiyo si suala la thamani, ni suala la polisi.

Rivolva yenye fungu la kwanza na la pili tu bado ni ya mkusanyaji. Yenye fungu la tatu hushuka sana sokoni, na hakuna ufundi utakaoipandisha. Wengine hufikiria kuagiza silinda nzima isiyochongwa. Silinda ni sehemu ya silaha, inahitaji kibali kuingia nchini. Ikishafika lazima isawazishwe na fundi mwenye leseni. Na namba yake haitalingana na ya fremu. Utatumia fedha nyingi kupata rivolva yenye namba mbili tofauti. Tunashauri usifanye hivyo.

Kinachoweza kuinua iliyochongwa ni ushahidi wa maandishi: leseni za zamani zenye namba ileile, barua, picha ya mtu akiwa nayo kiunoni, mkoba wenye jina au namba ya kikosi. Ushahidi uwe kwenye karatasi, maana simulizi peke yake halina bei. Ukiwa na leseni ya miaka ya Tanganyika yenye namba inayolingana na chuma, hiyo karatasi usiitenge na rivolva hata siku moja, na usiipige laminesheni.

Kisha fanya hesabu ya nyumbani. Upande mmoja andika gharama ya leseni na kuihuisha, sefu ya chuma iliyofungwa ukutani kwa boliti, safari za kituoni, mara miaka kumi. Upande wa pili andika bei halisi uliyopewa na mtu anayeruhusiwa kununua. Tuseme gharama za mwaka ni shilingi 100,000 na sefu ni 600,000: kubaki nayo miaka kumi ni 1,600,000. Je, familia iko tayari kulipa kiasi hicho kwa ajili ya kumbukumbu ambayo haipigwi? Wapo watakaosema ndiyo, na wana haki. Ila isemwe kwa sauti kwenye kikao, ikiwa na tarakimu, isije ikamwangukia mmoja peke yake.

Baki nayo ikiwa yote haya yapo pamoja: kuna mtu mmoja katika familia anayestahili leseni na aliye tayari kuwajibika kwa jina lake; ana nyumba ya kudumu yenye mahali pa sefu; na kuna maandishi yanayoiunganisha na mtu au tukio mnalolijali. Iuze au iachie ikiwa moja tu kati ya hayo halipo. Hasa la kwanza. Silaha ya ukoo isiyo na mtu mmoja anayeibeba kisheria huishia kuhamishwa kutoka kabati hadi kabati mpaka ipotee, na ikipotea haipoteagi kwa wema.

Kuna njia ya tatu ambayo kwa rivolva iliyochongwa tunaiona bora kuliko watu wanavyodhani: makumbusho. Iringa ina Boma la zamani la Wajerumani ambalo sasa ni makumbusho, na Kalenga kuna Makumbusho ya Mkwawa. Katika kabati la maonyesho, silinda iliyochongwa si kasoro. Ni sura moja ya maisha ya kitu hicho. Zungumza nao ukiwa na picha na daftari lako tu, mwafikiane kwa maandishi kama ni zawadi au mkopo, na uhamisho upitie polisi.

Hatua ya 6: Ukiamua kuuza

Mnunuzi lazima awe mwenye leseni ya biashara ya silaha au mtu aliyepewa kibali cha kununua silaha hiyo. Uhamisho hufanyikia polisi. Hakuna rivolva inayokabidhiwa stendi, hotelini wala nyuma ya duka la spea Mwanjelwa, hata kama fedha zimeshahesabiwa.

Andaa maelezo ya ukurasa mmoja: aina, mwaka, namba, urefu wa mtutu, nafasi ya nyuma ya silinda kwa milimita, hali ya mifereji ya ndani ya mtutu, na kila badiliko uliloliona. Andika wazi: silinda imechongwa, silaha haifai kupigwa. Ukificha, mnunuzi akaipiga na ikapasuka, utakuwa umeuza jeraha. Piga picha nane: ubavu wa kulia, wa kushoto, juu ya fremu, nyuma ya silinda, mdomo wa mtutu, namba mbili, mpini. Piga mchana karibu na dirisha bila mwanga wa kamera.

Picha hizo zisiingie kwenye makundi ya WhatsApp wala Facebook. Zinawaambia wezi kwamba nyumba yenu ina silaha. Mtumie aliyetambulika kwa leseni yake peke yake.

Kuhusu kuiuza nje ya nchi: vibali vinahitajika huku na kule inakokwenda, pamoja na msafirishaji anayekubali silaha. Kwa Webley kamili yenye namba zinazolingana na historia iliyoandikwa, inaweza kufaa. Kwa iliyochongwa, gharama zitameza bei karibu yote. Mkataba wa mauzo uwe na nakala tatu: yako, ya mnunuzi, ya polisi.

Hatua ya 7: Ukiamua kubaki nayo

Adui wa kwanza huku kwetu ni unyevu. Makete, Njombe, Mufindi na Rungwe ukungu huingia hadi ndani ya kabati, na masika ya hapa ni marefu. Kosa la kawaida ni kuihifadhi ndani ya mkoba wake wa ngozi. Ngozi hunyonya unyevu na ina chumvi na tindikali za kutengenezea. Ndani ya msimu mmoja chuma huota vidoti vya kutu na shaba ya vifungo hutoa ukungu wa kijani. Mkoba ukae peke yake kwenye mfuko wa kitambaa.

Safisha kwa kitambaa laini cha pamba na matone machache ya mafuta ya cherehani. Kwa tundu la mtutu tumia kijiti cha mbao chenye kitambaa. Usitumie msasa, waya wa kusugulia sufuria, majivu wala oili chafu ya gari. Oili iliyotumika ina tindikali na masizi. Kutu nyekundu ilowekwe mafuta kwa siku mbili tatu, kisha isuguliwe kwa kipande cha shaba, kwa mfano sarafu ya zamani, ambayo ni laini kuliko chuma na haitakwaruza. Simama pale kutu inapogeuka kahawia iliyotulia. Usitafute mng'ao.

Ndani ya sefu weka pakiti za silika, zile zinazokuja na viatu na redio, kumi au kumi na tano. Kila baada ya miezi miwili zikaushe kwa joto la nyuzi 110 hivi kwa saa moja au mbili, halafu uzirudishe. Sefu isigusane na ukuta wa nje unaotoa jasho, na isisimame sakafuni moja kwa moja; vipande viwili vya mbao chini yake vinatosha.

Risasi zisiwekwe humo. Kwa rivolva ambayo haipigwi, hakuna sababu ya kuwa na hata moja ndani ya nyumba.

Mwanzoni mwa Novemba kabla ya mvua, na tena Juni zikikatika, itoe, hakikisha ni tupu, ikague, ifute na uandike tarehe kwenye daftari pamoja na chochote kipya ulichokiona. Daftari hilo, leseni na nakala ya hati ya mapokezi vikae kwenye bahasha moja nje ya sefu, mahali ambapo mke au mume wako na mtu mwingine mmoja wa familia wanapajua, pamoja na jina la kituo cha polisi ambacho silaha imeandikishwa.